Mkono Aliouweka Mdomoni

Jericho, Nairobi
12 Juni 1977

Dada Nthoki,

Hapa nyumbani hakuna mgonjwa, mvua imekwisha, na Mama anakusalimu wewe, shemeji Maingi na mtoto. Naandika Kiswahili, na usinicheke. Kikamba cha kuongea ninacho, cha kuandika kinanishinda, si unajua sisi wa kuzaliwa Jericho tulivyo.

Sasa sikiza. Nimechaguliwa! Mwalimu wetu wa muziki, Bwana Otiende, ametunga mchezo mzima wa nyimbo unaoitwa Harusi ya Sokoni. Wote ungechukua mchana kutwa, na mwalimu mkuu amekataa kata kata, kwa hiyo tutaimba nyimbo zake peke yake, moja baada ya nyingine, bila yale maneno ya katikati. Tutazifanya Jumamosi tarehe ishirini na tano katika ukumbi wa hapa mtaani, na zikipendwa tutazipeleka kwenye mashindano mjini. Rafiki yangu wa darasani, Wangu, ndiye bwana harusi. Amejichora masharubu kwa makaa na hataki kuyaosha, mpaka mama yake amemfukuza mezani.

Mimi ni mama muuza matumbo. Bwana harusi anakuja kununua nyama ya sherehe, nami namkatalia mbele ya soko zima:

Sikuuzii, sikuuzii, bwana harusi wewe,
matumbo haya yanataka mtu wa kutafuna,
rudi kwenu ukajifunze, kisha urudi tena.

Ni wimbo mzuri, lakini mwanzoni nilikuwa naua watu kwa usingizi. Haki ya Mungu, Dada, hata Wangu alipiga miayo na masharubu yake. Bwana Otiende alinieleza shida iko wapi. Katika mchezo mzima huyu mama anaonekana mara nyingi kabla ya kuimba, watu wamekwisha kumjua, wanampenda. Sisi tunaimba nyimbo tupu. Mama anatoka, anaimba, anaingia ndani, basi. Asipojulikana kabla ya ubeti wa pili, amekufa. Akaniambia, "Mukai, mtafute mtu. Usiimbe sauti, imba mtu."

Nikamtafuta, nikampata. Sikwambii ni nani. Nilipomfanya mara ya kwanza darasani wasichana walianguka chini, na Bwana Otiende aliweka gitaa mezani akajifuta machozi. Tangu hapo kila mtu ananiita Mama Matumbo hata kwenye foleni ya chakula. Sijawahi kupendwa hivi tangu niingie shule hii.

Mama hatakuja. Kanisa letu halipendi michezo, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa pale soko la Burma, wateja wa matumbo hawamwachi hata anywe chai. Basi niombee tu wewe.

Mdogo wako,
Mukai

*

Voi
20 Juni 1977

Mukai,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Maingi asikie, naye amesema ukiwa mashuhuri usitusahau kwa tiketi. Mama Matumbo! Wee msichana, nakuona ukitembea na hilo jina lako kifua mbele. Nilipokuwa shule mimi niliimba kwaya miaka yote nyuma kabisa kwenye kona, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyejifuta machozi.

Lakini umenikasirisha pahali pamoja. Hiyo hadithi ya kwamba Mama hatakuja, nani amekwambia? Kanisa halipendi michezo ya ulevi na kukumbatiana. Kumsikia mtoto wako akiimba si dhambi. Na nani katika Jericho yote anayejua wimbo kushinda Mama? Pale kanisani mchungaji akitaja namba, watu hawafungui hata kitabu mpaka Mama Nthoki aanzishe. Wewe hiyo sauti hukuiokota barabarani. Ni haki yake akae mbele aione imefika wapi. Tangu Baba atutoke hajapata siku ya kukaa tu akatazama kitu kizuri.

Basi nimeshughulika. Maingi anapanda na lori wiki hii kupeleka mizigo Industrial Area, atapita nyumbani kabla ya hiyo Jumamosi. Nimempa leso mpya ya Mama, nyekundu yenye maua meupe, na ujumbe wa mdomo kwamba siku hiyo aache matumbo, aende ukumbini, tena awachukue na akina mama wenzake wa kanisa. Usimwambie kitu. Nataka umwone tu amekaa pale.

Ungeniambia lakini huyo mtu uliyemfanya ni nani. Ni yule Mama Kabiru wa nyumba ya pili? Kama ni yeye nitacheka mpaka Voi nzima ijue. Yule mama anavyotembea!

Imba vizuri, usiniaibishe.

Dada yako,
Nthoki

*

Jericho, Nairobi
27 Juni 1977

Dada Nthoki,

Barua yako imefika leo Jumatatu. Leo! Ingefika Ijumaa ningejifanya nina homa, ningejivunja mguu, ningefanya lolote. Kwa nini ulimwambia? Kwani nani alikutuma? Nimekuwa nikikulaani tangu asubuhi, halafu nakumbuka kwamba wewe ulitaka mema na mwenye makosa ni mimi, halafu nakulaani tena. Nisamehe. Sijui naandika nini.

Hakuwa Mama Kabiru. Alikuwa Mama.

Wacha nikwambie yote, maana nikikaa nayo nitapasuka. Unajua Mama anavyoimba. Unajua anavyokohoa kidogo kwanza, anavyofunga jicho moja, halafu anainua mkono wa kulia na kuuweka mbele ya mdomo, vidole vimekaribiana, ili watu wasione meno yake yaliyochongwa. Na wimbo unapita hapo katikati ya vidole, na kila penye "s" panatoka mluzi mwembamba, kwa sababu ya ncha za meno. Hicho ndicho nilichokifanya. Kikohozi, jicho, mkono, mluzi. "Ssssikuuzii." Na kwenye maneno ya kutafuna nilikuwa nauondoa mkono ghafla, naonyesha meno, kisha naurudisha haraka kama mtu aliyejisahau. Nilibandika vipande vya karatasi nyeusi ili meno yaonekane yamechongoka. Hapo ndipo watu walipokuwa wakifa kwa kicheko.

Na nilikudanganya katika barua ile. Shule ilisema tuwaalike wazazi wote. Mimi nilimwambia Mama wazazi hawaalikwi. Nilijua ninachokifanya, Dada. Nilijua kabisa, ndiyo maana sikukutajia jina.

Nilipotoka jukwaani ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Taa ziko juu yako, huoni watu vizuri, unaona vichwa tu. Nikakohoa, wakaanza kucheka. Nikafunga jicho, wakacheka zaidi. Nikainua mkono. Basi hapo benchi la pili nikaona leso nyekundu ambayo sikuijua, na juu yake uso ninaoujua. Alikuwa anacheka, Dada. Alikuwa anacheka na wenzake, ameshika mkono wa Mama Kabiru, kwa sababu alikuwa bado hajaelewa. Na kwa vile alikuwa anacheka, mkono wake wa kulia ulikuwa mdomoni. Mimi juu na mkono mdomoni, yeye chini na mkono mdomoni.

Mama Kabiru ndiye aliyeona kwanza. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akamtazama Mama tena, na kicheko chake kikakatika. Halafu benchi la mbele wakageuka. Na wasichana wa darasa langu waliokuwa pembeni ya jukwaa nao wakaona, nikamsikia mmoja akisema, "Aki, kumbe ni mathe wake!" Ukumbi ukacheka upya, sasa kwa sauti kubwa kuliko ile ya kwanza. Na mimi sikuacha. Hilo ndilo linaloniua. Ningeweza kuacha. Nilikuwa na beti mbili zimebaki, nikaziimba zote, na mluzi, na karatasi kwenye meno, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na mimi sikujua kuimba vingine.

Nilipomtazama tena alikuwa ameshusha mkono. Ameufumbata mapajani chini ya leso, na midomo ameifunga kabisa. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi. Watu wote walipiga, naye akapiga.

Nje alikuwa ananingoja. Aliniambia, "Umeimba vizuri. Sauti imekomaa." Kisha akauliza kama nimekula. Njia nzima akazungumza habari za Maingi, amenenepa, na mtoto wako anaota meno. Laiti angenichapa! Ningemshukuru mbele ya majirani wote.

Na jana kanisani mchungaji alitaja namba ya wimbo. Tukasimama. Kila mtu akangoja. Mama alikuwa amefungua kitabu, ambacho hakuna siku nimemwona akikifungua, akawa anatazama ukurasa kama mtu anayetafuta sindano. Hakuanzisha. Tulisimama tu. Mtoto mmoja alikuwa analia nyuma, na hakuna mtu aliyejua afanye nini. Mwishowe mchungaji mwenyewe akaanzisha, na unajua sauti yake ilivyo.

Naona aibu, Dada. Naona aibu nikila chakula chake. Nifanye nini?

Mukai

*

Voi
4 Julai 1977

Mukai,

Nimekaa siku kadhaa bila kukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa natukana. Sasa nimepoa kidogo, si sana.

Meno ya Mama? Umekosa kitu kingine cha kuchekesha katika Nairobi nzima mpaka ukaenda kwenye meno ya Mama? Yule mwanamke anaamka kungali giza, anaosha matumbo kwa maji baridi mpaka vidole vinapasuka, ili wewe uvae soksi nyeupe na uimbe na gitaa. Na wewe unambandika karatasi nyeusi! Woi, Mukai. Ulikuwa unafikiria nini?

Wewe hukuzaliwa kwenye aibu hiyo, ndiyo maana unaichezea. Mama ameficha meno yake maisha yake yote. Yeye na wenzake walichongwa huko Kitui wakiwa wasichana, hakuna aliyewauliza, kisha wakaja mjini wakakuta watu wenye meno kama vikombe vilivyopangwa. Ni kidonda chake hicho. Mtu mwenye kidonda humwachi nzi atue, sembuse wewe kumwaga chumvi mbele ya mtaa mzima. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, jina langu ndilo analoitwa, na sijawahi hata siku moja kumfedhehesha. Hata siku moja.

Nami pia naumwa, maana ni mimi niliyemvalisha leso na kumpeleka pale. Maingi anasema aliondoka nyumbani siku ile akimwacha Mama anajitazama kwenye kioo kidogo cha mlangoni.

Umeuliza ufanye nini. Nitakwambia. Unasema mtakwenda mashindano mjini. Usiende. Mwambie huyo Bwana Otiende wako atafute Mama Matumbo mwingine. Na umpigie Mama magoti umwombe msamaha kwa mdomo wako, si kwa kumtazama kama paka aliyeiba maziwa. Asipoanzisha wimbo tena kanisani, jua ni wewe uliyemnyamazisha.

Nthoki

*

Jericho, Nairobi
14 Julai 1977

Dada Nthoki,

Yote uliyoniambia ni kweli na nimeyakubali. Kuna jambo moja tu limenishinda. Kumwomba msamaha.

Nimejaribu. Juzi jioni alikuwa anachambua kunde, nikakaa karibu naye, nikasema, "Mama, siku ile ya ukumbini..." Akasema, "Nipe ungo." Nikampa. Nikaanza tena, akasema, "Hizi zina mawe mwaka huu, angalia." Nikaangalia mawe. Tukachambua kunde mpaka zikaisha, na nikaenda kulala na msamaha wangu mdomoni. Hataki nilitaje, Dada. Nikilitaja ni kama namvua nguo mara ya pili.

Kanisani bado. Jumapili mbili sasa. Ile ya kwanza Mama Kabiru alijaribu kuanzisha yeye, akaanzia juu mno, tulipofika kiitikio hakuna aliyeweza kupanda, tukabaki tunanong'ona kama wezi. Ile ya pili mzee mmoja alianzisha wimbo mwingine kabisa. Watu wananitazama. Nikiwapitishia kikombe cha maji baada ya ibada wanageuza uso. Na Burma wananiambia Mama siku hizi anapima, anafunga, anasema asante. Wale vijana wa kuchoma nyama waliokuwa wakimtania apunguze bei kidogo nao wananunua na kuondoka.

Sasa kuhusu mashindano. Nilikwenda kwa Bwana Otiende nikamwambia sitaki tena. Aliniuliza kwa nini, nikashindwa kusema, nikamwambia koo linauma. Akaniambia, "Mukai, bila wewe hatuna kitu. Wimbo wako ndio uliotufikisha." Na Wangu alilia. Wasichana wote wameshona mavazi, wengine mama zao wamekata mapazia ya nyumba. Nikiondoka nawaangusha wote kwa kosa ambalo si lao. Nikibaki na kufanya vile vile, mimi si mtu. Nimelala na hayo wiki nzima.

Basi nimeamua, na wewe utanigombeza, lakini nimeamua. Nitaimba. Ila sitamwimba Mama. Nitasimama wima na mikono chini, niimbe maneno kama yalivyoandikwa, bila kikohozi, bila mkono, bila mluzi. Bwana Otiende sijamwambia, kwa sababu atanishawishi, na mimi nikishawishiwa kidogo tu ninarudi kule kule. Wasipocheka, wasicheke. Tukishindwa, wenzangu wanichukie mimi, angalau nitakuwa nimechukiwa kwa kitu kizuri.

Na safari hii nimemwalika Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilimwambia, "Tarehe ishirini na tatu tunaimba mjini, nataka uje." Alikuwa ameinama kwenye karai. Akasema bila kuinuka, "Nivae ile leso nyekundu?" Nikasema ndiyo. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto mdogo.

Niombee.

Mukai

*

Jericho, Nairobi
31 Julai 1977

Mwanangu Nthoki,

Ni mimi mama yako ninayesema, na Mukai anaandika. Nimemkalisha mezani, nimemwambia aandike ninavyosema, asiongeze na asipunguze. Mimi nasema Kikamba yeye anakigeuza, na akimaliza kila pahali ananisomea, kwa hiyo akinidanganya nitajua.

Sisi tuko wazima. Leso ni nzuri, haichuji rangi, nimeifua nikaona. Mwambie Maingi mkwe wangu nimeshukuru.

Nimesikia kwa Maingi kwamba ulimwandikia mdogo wako barua kali mpaka ukakosa usingizi. Barua hizo sijazisoma wala sizitaki. Ninyi wawili mmekuwa mkiandikiana kuhusu mimi kama vile nimekufa. Sasa nataka na mimi niseme.

Kwanza nikwambie habari za mjini. Nilikwenda. Nilikaa mbele. Huyu anayeandika alitoka jukwaani akasimama kama mlingoti wa bendera, mikono chini, akaimba. Sauti nzuri. Lakini Nthoki, nilikuwa nasinzia! Yule msichana mwenye masharubu alikuwa anamtazama kama mtu aliyepotelewa. Mwalimu alipiga gitaa huku akimkonyeza, wapi. Hakuna aliyecheka. Watu walipiga makofi ya heshima, wale wa shule nyingine wakachukua kikombe. Wenzake hawajasema naye mpaka leo. Nilipomkuta mlangoni nilimwuliza, "Yule mama wa siku ile umempeleka wapi?" Akaanza kulia palepale, mbele ya watu wa mjini na viatu vyao, na mimi sina hata kitambaa, ikabidi nimfute na leso yako.

(Mama anasema niandike hilo la kulia pia. Nimeandika.)

Sasa sikiza vizuri, wewe wa huko na wewe wa hapa. Mimi sikukasirika kwa kuchekwa. Nimeuza matumbo Burma tangu Mukai hajatembea. Wanaume wale hunicheka, nami nawacheka, ndivyo matumbo yanavyouzika. Na yule mama aliyemfanya ukumbini alikuwa mimi kabisa. Lile jicho! Nilipokuwa bado sijajua ni nani, nilimwambia Mama Kabiru, huyu mama namjua, ni mtu wa kwetu Kitui.

Ninyi mnadhani nayaonea haya meno yangu. Nani aliwaambia? Nilichongwa nikiwa na umri kama wa huyu anayeandika. Iliuma, na sikulia, sikutikisa hata kidole, na jioni wasichana wenzangu walinizunguka wakaniimbia mimi peke yangu. Wimbo wa kwanza kuanzisha maishani mwangu nilianzisha jioni ile, mdomo wazi, damu bado inatoka. Baba yenu aliniona nikicheka sokoni, akauliza mimi ni wa nani. Nilikuja Nairobi na meno haya, nikabatizwa nayo, nikaimba nayo kanisani mdomo wazi miaka na miaka. Kamuulize Mama Kabiru.

Mkono nilianza kuuweka siku ya harusi yako, Nthoki. Mpiga picha alitupanga, mimi nikacheka kwa furaha, nawe ukaniinamia sikioni na shela lako, ukasema, "Mama, funga mdomo kidogo, wakwe watatuona sisi ni watu wa porini." Nikafunga. Ukiitazama ile picha utaona. Nikajiambia, kumbe watoto wangu wanaona haya. Basi nikaanza kuuweka mkono, ukubwani hivi, ili ninyi mtembee na mimi bila kuona haya. Na huyu mwingine alikuwa mdogo, akadhani mama yake alizaliwa na mkono mdomoni.

(Hapa nilisimama. Mama ameniuliza mbona kalamu imenyamaza. Nikamwambia wino. Akasema, "Wino gani, andika.")

Kwa hiyo kilichoniuma siku ile ndicho hicho. Kikohozi ni changu, jicho ni langu, mluzi ni wangu, wacheke. Mkono ule si wangu. Mkono ule ni wenu. Niliuinua kwa ajili yenu, na nikakuta ndio watu wanaoucheka kuliko vyote.

Na Maingi ananiambia mnasema nimenyamazishwa kanisani. Hapana. Mchungaji alitaja namba, wimbo ukaja, uko hapa kooni. Nikataka kuinua mkono, nikamwona Mukai jukwaani. Nikataka kuuacha chini, nikaiona picha yako. Nikasimama nikiwa sijui nifanye nini na mkono wangu mwenyewe, na wimbo ukapita. Mtu mzima kama mimi.

Leo asubuhi nimemwambia huyu asimame karibu nami. Mchungaji alipotaja namba nikampa ule mkono wa kulia, nikamwambia, "Shika, usiuachie hata nikiuvuta." Nikaanzisha. Nikauvuta, maana umezoea, naye hakuuachia. Alikuwa anatoka jasho kiganja kizima. Tumeimba beti zote. Mama Kabiru alilia kwa sauti, lakini yule hulia hata kwenye matangazo.

Mimi sina kinyongo na yeyote kati yenu. Mukai anataka kupiga magoti tangu mwezi jana, nami namkwepa kwa sababu sakafu yetu ni chafu. Wewe najua ukisoma hapa utataka kupanda lori usiku huu huu. Usipande, una mtoto mchanga.

Njoo Desemba. Njoo na mtoto na Maingi, na utafute mpiga picha, atupange tena kama siku ile, mimi nikae katikati. Nitacheka. Safari hii usiniambie kitu sikioni.

Na usichelewe. Jino moja la mbele limeanza kutingishika.

Mimi mama yako,
Syombua

Imeandikwa na Mukai, yote kama alivyosema.